Engaruka Haikuwa Mji Uliopotea: Majibu kwa Madai Saba

Ukitoka Mto wa Mbu ukashika njia ya kaskazini, ukingo wa Bonde la Ufa unakufuata upande wa kushoto kama ukuta usiokwisha, na upande wa kulia nyika inatanuka mpaka macho yachoke. Baada ya kilomita 60 na kitu za vumbi unafika Engaruka, kata ya Wilaya ya Monduli mkoani Arusha, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron. Juu ya ukingo ziko nyanda za Ngorongoro na kasoko ya Empakaai. Mbele yako unasimama Kerimasi, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Magari mengi ya wageni hupita hapa bila kusimama, kwa kuwa safari yao ni ya Natron au ya kuupanda huo mlima.

Wanaosimama huonyeshwa mawe. Na juu ya mawe hayo yamesemwa mengi: vitabuni, kwenye magari ya utalii, madarasani, na siku hizi kwenye simu zetu, ambako picha moja ya ukuta hutosha kuzaa hadithi ya ajabu. Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka mingi, na mengine niliwahi kuyarudia mwenyewe kabla sijafika. Mara ya kwanza nilipofika, mzee mmoja wa kijiji cha Engaruka Juu alikubali kunitembeza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nimefuata nini.

"Nimekuja kuuona mji wa kale, mzee."

Alinitazama kwa upole. "Mji wapi, mwanangu? Haya ni mashamba. Usiangalie mawe. Angalia maji yalipita wapi."

Maneno yale yaligeuza kila nilichokiona siku hiyo, na makala haya yametokana nayo. Nitayachukua madai saba yanayosikika zaidi kuhusu Engaruka, moja baada ya jingine, na kuyajibu. Sifanyi hivyo kwa kupenda ubishi. Watu walioishi pale walifanya kazi kubwa ya akili na mikono, na kila dai potofu huwapokonya kazi hiyo, liwe limetungwa kuwadharau au kuwasifu.

Dai la kwanza: "Engaruka ni magofu ya mji uliopotea"

Dai hili lina historia yake. Mwaka 1883 msafiri wa Kijerumani, Gustav Fischer, alipita chini ya ukingo huu akaona kuta za mawe, nazo zikamkumbusha ngome za kwao zilizobomoka. Mwaka 1913 alifika Mjerumani mwingine, Hans Reck, na mwaka 1935 akafika Louis Leakey, ambaye aliandika habari za makazi makubwa mno. Mwandishi Basil Davidson, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu miji iliyopotea ya Afrika, aliipa Engaruka nafasi ya heshima. Kwa hiyo wazo la mji lilitangulia, na uchimbaji wa kina ukaja nyuma yake.

Tuanze na kilichopo ardhini. Eneo lenye kazi ya mawe lina ukubwa wa kilomita za mraba 20 hivi, yaani hekta 2,000. Karibu eneo hilo lote si makazi. Ni vishamba vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, kimoja kikishikana na kingine, na kati yake inapita mifereji. Makazi yako pembeni: vijiji saba vilivyopangana chini ya ukingo, kwenye mteremko wa mawe. Nyumba zilikaa juu ya vijukwaa vilivyochimbwa kwenye mteremko na kuimarishwa kwa mawe mbele na nyuma, na njia nyembamba zikapita kati ya jukwaa na jukwaa.

Mkulima yeyote akiutazama mpangilio huo ataelewa mara moja. Vijiji viko mahali ambapo maji ya mfereji hayawezi kupanda. Ardhi tambarare, inayofikiwa na maji, yote imeachiwa mazao. Nani mwenye akili atajenga nyumba juu ya shamba linalonyweshwa, huku mteremko usiofaa kitu uko nyuma yake? Waliopanga Engaruka waliipanga kwa kuufuata mfereji, na kila jiwe limekaa kwa sababu ya kazi ya maji au ya udongo.

Halijapatikana pale kasri la mtawala wala ukuta mkubwa wa kuyazunguka makazi yote. Tukipaita mji, tutatafuta vitu hivyo, tukivikosa tutaona pana upungufu. Tukipaita kwa jina lake, yaani vijiji vya wakulima wa umwagiliaji pamoja na mashamba yao, tunaona mojawapo ya kazi kubwa za kilimo cha kale zilizobaki Afrika Mashariki.

Na "kupotea" nako hakukuwapo. Wamasai wamechunga mifugo kati ya kuta hizo kwa vizazi. Kitu ambacho wenyeji hukipita kila asubuhi hakihesabiwi kuwa kimepotea kwa sababu tu msafiri kutoka mbali alikuwa hajakiona.

Dai la pili: "Walijenga wageni, kisha wakaondoka"

Wengine husema ni Wareno. Wengine husema Waarabu, Wamisri, au taifa fulani la kale lisilojulikana. Wakati wa ukoloni dai hili lilivaa joho la elimu: mwaka 1933 G.W.B. Huntingford aliandika juu ya "ustaarabu wa Azania", akiyahusisha magofu ya mawe ya bara na watu waliokwisha kutoweka. Ni mawazo yale yale yaliyotumika kusema Zimbabwe Kuu haikujengwa na Waafrika, mpaka wachimbaji kama David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walipoonyesha kuwa ni kazi ya wenyeji.

Tarehe zilizopimwa Engaruka zinauweka uhai wa vijiji vile kati ya karne ya 15 na ya 18, kwa makadirio ya jumla. Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505, mamia ya kilomita kutoka hapa, watu wa Engaruka walikuwa na majembe yao shambani. Shanga za kioo na kauri zilizookotwa huonyesha kwamba vitu vya pwani vilifika bara kwa kupita mikono mingi. Lakini kuwa na shanga kutoka pwani si sawa na kujengewa na watu wa pwani, kama vile kuvaa kanga iliyotengenezwa India hakumfanyi mvaaji kuwa Mhindi.

Tena ujuzi wenyewe una ndugu wengi jirani. Magharibi ya Ziwa Natron wako Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanaolima kwa mifereji hadi leo na ambao mgao wa maji yao umekuwa ukisimamiwa na baraza la wazee. Wachagga wana mifongo, yaani mifereji yao, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wapare wana ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yatumike mchana. Wamarakwet wa Kenya wanayateremsha maji kutoka ukingo wa Bonde la Kerio kwa mifereji iliyoning'inia kwenye miamba. Utaalamu huu umeenea upande wetu wote wa Bonde la Ufa, na Engaruka ni tawi moja la mti huo.

Wapo wanaosema wajenzi walikuwa mababu wa Wairaqw, wengine wanasema ni wa Wabatemi, na katika simulizi za Kimaasai wanatajwa watu wengine waliotangulia. Madai hayo yanastahili heshima, kwa sababu watu wakihama hugawanyika, na ukoo mmoja unaweza kuwa na wajukuu katika makabila matatu. Jambo la hatari ni kulichukua jiwe na kulifanya hati ya kumiliki ardhi leo, au kumfukuzia jirani. Mawe yanasema wazi kwamba wajenzi walikuwa wakulima wa nchi hii, na hilo ni letu sote.

Dai la tatu: "Waliishi watu elfu arobaini"

Hili nitalijibu kwa kifupi. Namba hii inatoka kwa Leakey, ambaye mwaka 1935 alikadiria watu 30,000 hadi 40,000. Aliyaangalia majukwaa ya nyumba, akaona ni mengi, akayahesabu kana kwamba yote yalikuwa na watu kwa wakati mmoja. Wanaakiolojia waliokuja baadaye, kama Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton kuanzia miaka ya 1970, walichimba na kutazama upya. Kijiji kilichokaliwa kwa karne tatu huacha nyumba nyingi kuliko watu wake, kwa sababu mtoto hujenga kwake, na nyumba ya babu huachwa ikaanguka. Si kila jukwaa lilikuwa la kulala, na si mashamba yote yalilimwa msimu mmoja. Makadirio ya sasa ni ya maelfu machache.

Wapo wanaoona kwamba kupunguza namba ni kuwapunguzia heshima. Mimi naona kinyume chake. Watu elfu chache wenye majembe, wasio na gari la kubebea, waliweza kupanga mawe kwenye kilomita za mraba 20. Hebu piga hesabu ya kazi iliyofanywa na kila jozi ya mikono.

Dai la nne: "Pale ni pakavu mno. Lazima zamani mvua ilikuwa nyingi"

Hapa jiografia inabidi isemwe kwa utulivu, maana ndiyo kiini cha Engaruka.

Ni kweli pale ni pakavu. Mvua ya mwaka chini ya ukingo haifiki milimita 500, na katika miaka mibaya huwa kidogo zaidi. Pepo zenye unyevu zinatoka Bahari ya Hindi, zinavuka nyika bila kuacha kingi, kisha zinagonga nyanda za juu. Zikilazimika kupanda zinapoa, na mvua inanyesha huko juu, penye misitu na ukungu. Aliye chini anaona mawingu kila siku yakipita juu ya kichwa chake kwenda kumnyeshea mwingine.

Lakini maji yaliyonyesha juu lazima yateremke. Mto Engaruka unatoka kwenye nyanda hizo, unapasua ukingo kwa korongo refu, na unatiririka mwaka mzima. Viko vijito vingine kaskazini na kusini yake ambavyo leo hutiririka kwa msimu. Mto ukishatoka kwenye korongo na kuingia tambarare hauendi mbali, kwani ardhi kavu huunywa. Kwa hiyo kuna kipande kifupi tu, kati ya mdomo wa korongo na nyika, ambapo maji ni mengi, mteremko ni wa wastani, na udongo wa volkano una rutuba. Mashamba ya kale yalikaa kwenye kipande hicho, na vijiji pembeni yake.

Mzee yule alinionyesha jinsi ilivyokuwa. Mfereji mkuu ulichepushwa mtoni juu, karibu na korongo, ukapitishwa kando ya mteremko kwa mwinamo mdogo sana. Mwinamo ukizidi, maji hukimbia na kulichimba tuta. Ukipungua, maji hulala na mchanga huziba njia. Alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye mstari wa mawe yaliyokaa kwa ubavu, na kukielekeza chini taratibu kama anayepapasa mgongo wa ndama. "Hapa yalitembea," akasema, "hayakukimbia." Kutoka mfereji mkuu maji yaligawanywa kwenye mifereji midogo, na kutoka hiyo yakaingia vishambani.

Kila kishamba kilisawazishwa, na ukingo wake wa chini ukashikiliwa na mawe. Kusawazisha kuna maana yake. Shamba likiinama, maji hukimbilia kona ya chini, mimea ya juu inakauka, ile ya chini inaoza, na udongo unaondoka. Likiwa sawa, maji hutandaa kama kitambaa. Sassoon alipata mbegu za mtama zilizoungua, ushahidi wa wazi wa kilichopandwa. Mtama ni zao linalovumilia jua, na likipata maji mara chache kwa wakati wake huzaa vizuri.

Na mvua ya zamani? Watafiti wamelisoma tope la chini ya ziwa la kasoko ya Empakaai, juu kabisa ya Engaruka, ambalo linahifadhi kumbukumbu ya hali ya hewa kwa zaidi ya miaka elfu. Tope hilo linaonyesha vipindi vya ukame na vya mvua vikipokezana. Hapakuwapo neema ya kudumu iliyokatika ghafla. Watu wa Engaruka walikutana na miaka mizuri na miaka migumu, wakaendelea. Kama mvua ingewatosha, wasingechimba mfereji hata mmoja, kwa hiyo mifereji yenyewe inatuambia kwamba walikuwa wakiujua ukame.

Dai la tano: "Waliumaliza udongo kwa kulima vibaya"

Dai hili linapendwa na wanaotaka Engaruka iwe onyo: tazameni, Waafrika wa kale nao waliharibu mazingira, wakaangamia. Kwa miaka mingi hata wasomi wenye nia njema walidhani kilimo kile kiliichosha ardhi.

Uchimbaji wa karibuni zaidi, hasa wa mwanaakiolojia Daryl Stump na wenzake tangu miaka ya 2000, umekata vishamba hivyo kwa mahandaki na kuusoma udongo wake tabaka kwa tabaka. Walichokuta kinashangaza. Katika sehemu kadhaa udongo wa mashamba haukuwapo pale tangu mwanzo. Wakulima walipanga mawe kuvuka njia ya maji, wakayaelekeza maji ya mafuriko yenye tope yaingie, wakayaacha yatulie. Maji yalipokwisha kunywewa, tope likabaki. Wakaongeza mstari wa mawe juu yake na kungoja mafuriko mengine. Msimu baada ya msimu shamba lilipanda kimo.

Kwa maneno mengine, walitengeneza udongo. Mmomonyoko wa juu, ambao kwa mkulima mwingine ni hasara, wao waliugeuza mtaji. Leo, tunapoona mvua moja ikiubeba udongo wa shamba mpaka mtoni na sisi tumesimama tunatazama, ingefaa tujiulize ni nani kati yetu na wao anayelima vibaya.

Kuna na alama nyingine za uangalifu. Kati ya mashamba yako mazizi ya mawe ya mviringo, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imepatikana. Ng'ombe waliofungwa karibu na shamba ni samadi iliyo karibu na shamba. Yapo pia marundo makubwa ya mawe, yaliyopangwa kwa ustadi, ambayo wachunguzi wa mwanzo waliyadhania kuwa makaburi. Leo yanasomwa zaidi kama mawe yaliyoondolewa shambani na kupangwa pamoja yasile nafasi. Wengine tungeyatupa ovyo, na wao waliyapanga kama ukuta.

Sisemi kwamba hapakuwa na matatizo. Maji yanayonywesha ardhi kavu huacha chumvi, na mto ukipungua wa mwisho kwenye mfereji hulala njaa. Ninachosema ni kwamba kuwaita waharibifu wa udongo watu waliokuwa wakiukusanya udongo ni kuwapakazia.

Dai la sita: "Wamasai waliwafukuza"

Dai hili lina chembe ya kweli, na kwa sababu hiyo ni gumu kuling'oa. Vijiji vya Engaruka viliachwa katika karne ya 18 au karibu nayo, na nyakati hizo jamii za wafugaji wanaozungumza Kimaa, lugha ya Wamasai, zilikuwa zikienea katika Bonde la Ufa. Mambo mawili yakikaribiana kwa wakati, ni rahisi kusema moja lilimzaa mwenziwe.

Tazama kwanza jirani. Wabatemi wamezungukwa na Wamasai kwa vizazi, na bado wanalima kwa mifereji. Ni kweli vijiji vyao viliwekewa maboma na milango imara, kwa kuwa uvamizi ulikuwapo. Lakini walibaki. Kuwapo kwa wafugaji peke yake hakukutosha kukifuta kilimo cha umwagiliaji.

Tazama na uchumi wenyewe. Mfugaji anahitaji nafaka wakati maziwa yanapokauka, na mkulima anahitaji ng'ombe kwa mahari, kwa samadi na kwa akiba. Waarusha wa Mlima Meru wanazungumza Kimaa na ni wakulima hodari. Mpaka kati ya jembe na fimbo haukuwa ukuta. Watu waliuvuka kwa kuoa, kwa kukimbia njaa na kwa kubadilishana. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya watu wa Engaruka hawakwenda mbali, wakawa watu wengine papo hapo, kwa lugha nyingine na mifugo mingi zaidi.

Mwisho wa Engaruka unaelekea kuwa na sababu kadhaa zilizoshikana: vijito vya pembeni kupungua maji, mashamba ya mbali na mto kushindwa kwanza, majirani na njia za biashara kubadilika, na ufugaji kuonekana una faida zaidi kuliko kuinama kwenye mfereji. Kijiji hufa kama kinavyozaliwa, nyumba moja baada ya nyingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu dai la kufukuzwa lina madhara leo. Mtoto wa Kimaasai wa Engaruka anayesoma kwamba babu yake ndiye aliyeiangamiza kazi ile, atayapenda vipi mawe yale? Wakati ukweli ni kwamba Wamasai ndio walioishi nayo kwa miaka yote tangu hapo, na mengi ya mawe hayo bado yamesimama.

Dai la saba: "Ni mawe tu"

Hili halisemwi kwa sauti. Linasemwa kwa vitendo. Jiwe linaokotwa kujengea msingi au kuzibia mfereji, njia ya gari inakatizwa katikati ya vishamba, na mifugo inabomoa kingo kila siku. Kila tendo ni dogo na lina sababu yake, na mwenye njaa hawezi kuambiwa akae atazame historia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda maeneo ya namna hii, lakini sheria haina miguu. Inatembea pale ambapo watu wanajua wanalinda nini.

Na hapa madai yote saba yanakutana. Mtu aliyeambiwa kuna mji, akifika haoni mji. Anaona mistari ya mawe ya kimo cha goti, anavunjika moyo, anaondoka na kusema hamna kitu. Aliyeambiwa ni kazi ya wageni hana sababu ya kuitunza kama yake. Aliyeambiwa walikuwa waharibifu hana cha kujifunza kwao. Lakini aliyeambiwa hili ni shamba, na hapa ndipo maji yalitembea, atainama, atafuata mstari kwa kidole, na hatathubutu kung'oa jiwe, kwa sababu sasa analiona lina kazi gani.

Kuna na jambo la mbele yetu. Katika bonde la Engaruka yamegunduliwa magadi mengi chini ya ardhi, na serikali imekuwa ikipanga kuyachimba. Viwanda huleta barabara, nyumba, watu na mahitaji ya maji. Sipingi maendeleo ya watu wa Monduli, wanayahitaji na wanayastahili. Nasema tu kwamba mipango ya maji katika bonde lile haipaswi kuandikwa na watu wasiojua kwamba kuna waliokwisha kuyapanga maji yale yale kwa miaka mia tatu, wakaacha ramani yao imechorwa ardhini kwa mawe.

Siku ile, tulipomaliza kuzunguka, mzee alinirudisha kijijini kwa njia ya mashamba ya Engaruka Juu. Mto ule ule unatoka kwenye korongo lile lile. Mahindi, maharage na migomba vilikuwa vibichi, na hatua mia mbele yake nyika ilikuwa kahawia. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye mfereji, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, jembe mkononi, akingoja. Zamu yake ilipofika, alilikata tuta la udongo kwa mapigo mawili. Maji yakasita kidogo, yakageuka, yakaingia shambani kwake taratibu.

Mzee alisimama kuyatazama mpaka yakafika mwisho wa mstari. Kisha akaniambia, "Umeona? Hayakukimbia."